Msemaji aliyejifunza kusema upya

Kwa karibu miaka minane, kuanzia Machi 1981 hadi Januari 1989, Ikulu ya Marekani ilikuwa na msemaji asiyesema. Cheo cha Katibu wa Habari wa Rais kilikuwa cha James Scott Brady, na Rais Ronald Reagan hakukubali kumpa mtu mwingine. Larry Speakes ndiye aliyesimama mbele ya waandishi siku baada ya siku, akajibu maswali na kubeba lawama, lakini kwenye karatasi alibaki naibu. Alipoondoka mwaka 1987 akaja Marlin Fitzwater, naye akaifanya kazi ileile kwa jina jingine la cheo. Mwenye kiti alikuwa nyumbani au hospitalini, akifundishwa kusogeza mguu wa kushoto, kumeza bila kupaliwa, na kumaliza sentensi kabla kilio hakijaikata.

Watu wengi waliopata ulemavu ukubwani wanalijua swali lililomo humo: mtu akiumia, nafasi yake kazini inakuwa ya nani? Reagan alilijibu kwa uungwana mkubwa, na sioni sababu ya kuupunguza uungwana huo. Lakini kutunziwa cheo si sawa na kurudishiwa kazi, na Brady alikuja kuipigania kazi, kwa ajili ya mamilioni ya watu wasio na Rais wa kuwashikia kiti. Duniani anakumbukwa zaidi kwa sheria ya bastola yenye jina lake. Upande wake wa mtetezi wa watu wenye ulemavu, hasa walioumia ubongo, husemwa kwa sentensi moja kisha watu wakaendelea na mengine. Makala haya yanakaa hapo.

Alizaliwa Agosti 29, 1940 katika mji mdogo wa Centralia, jimbo la Illinois, mji uliokulia kwenye reli, na baba yake alikuwa mtumishi wa reli. Alisoma University of Illinois, akaingia kwenye siasa za chama cha Republican akiwa bado kijana. Washington ilimfahamu kama msemaji wa kuhamahama: alipita wizara ya nyumba, ofisi ya bajeti, wizara ya ulinzi, ofisi za maseneta. Mwaka 1980 alimsemea John Connally, gavana wa zamani wa Texas aliyewania urais. Connally alipojitoa, Brady akahamia kambi ya Reagan.

Alikuwa mnene, mcheshi, mpenda watu na mpenda kupika, na sufuria lake la chili, ule mchuzi mzito wa nyama na pilipili, lilijulikana na waandishi. Marafiki walimwita Dubu. Ucheshi wake ulikuwa na makali. Wakati wa kampeni ya 1980 Reagan aliwahi kudai kwamba miti nayo inachafua hewa, na watu wakamcheka. Siku moja ndege ya kampeni ikapita juu ya msitu unaoungua, na Brady akapaza sauti akiwaonyesha waandishi miti wauaji. Wakubwa wa kampeni hawakufurahi, akaondolewa kwenye ndege kwa siku kadhaa. Hata hivyo Januari 1981, akiwa na miaka 40, aliapishwa kwenye kazi aliyoitamani kwa miaka mingi: mdomo wa Rais. Naitaja haiba hii kwa makusudi, kwa kuwa jeraha la ubongo huanza na swali la haiba. Mguu uliokatika humwacha mtu na utani wake. Ubongo ukipasuka, hakuna ajuaye ni kipi cha mtu huyo kitakachobaki.

Jumatatu ya Machi 30, 1981, hata siku 70 za utawala huo hazijatimia, Reagan alikuwa ametoka kuhutubia wanachama wa vyama vya wafanyakazi wa ujenzi katika hoteli ya Washington Hilton. Ilikuwa saa nane na nusu mchana, saa za huko. Kijana wa miaka 25, John Hinckley, aliyekuwa amejichanganya na waandishi nje ya mlango, alifyatua risasi sita kwa muda usiofika sekunde mbili. Bastola yake ndogo aliinunua kwenye duka la rehani huko Dallas. Risasi ya kwanza ilimpiga Brady juu ya jicho la kushoto. Nyingine zilimpata askari Thomas Delahanty shingoni, mlinzi Tim McCarthy tumboni, na ya mwisho iligonga gari la Rais, ikarudi na kumwingia Reagan kifuani chini ya kwapa.

Zilikuwa risasi za aina inayotengenezwa ipasuke inapogonga. Iliyopasuka kweli ilikuwa hiyo moja iliyoingia kichwani mwa Brady.

Jioni hiyo vituo vikubwa vyote vitatu vya televisheni vya Marekani vilitangaza kwamba Brady amekufa. Frank Reynolds wa ABC, aliyemfahamu, alilazimika kuifuta habari hiyo mbele ya watazamaji, na hasira yake kwa wenzake waliomletea uvumi ilionekana wazi hewani. Wakati huohuo, katika hospitali ya George Washington University, daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo Arthur Kobrine alikuwa amefungua fuvu la mgonjwa wake na kazi inaendelea. Kosa la waandishi linaeleweka: mtu aliyepigwa risasi ya kichwa, kwa hesabu ya kawaida, ni marehemu. Hesabu hiyo haikuishia studio za televisheni. Hata mtu anapopona, watu wengi huendelea kumtazama kama aliyekwisha, na habari hiyo hakuna anayejitokeza kuifuta.

Risasi ilipita kutoka kushoto ikaelekea kulia, na uharibifu mkubwa ukawa sehemu ya mbele ya ubongo upande wa kulia. Nusu ya kulia ya ubongo huongoza nusu ya kushoto ya mwili, kwa hiyo mkono na mguu wake wa kushoto viliishiwa nguvu, naye akawa mtu wa kiti cha magurudumu kwa sehemu kubwa ya maisha yaliyobaki. Hilo lilionekana kwa macho. Lakini sehemu ya mbele ya ubongo ina kazi nyingine ambazo picha ya gazeti haiwezi kuzionyesha. Hapo ndipo mtu anapopanga nini kianze na nini kifuate, anapojizuia kusema kila kinachomjia, anapopima hisia zake ziendane na mahali alipo, anaposhika jambo akilini kwa muda wa kutosha kulitenda. Brady alipata shida ya kumbukumbu ya mambo ya karibuni, ulimi ukawa mzito, na maumivu hayakumwacha.

Miezi ya hospitali ilikuwa mirefu. Alirudishwa chumba cha upasuaji zaidi ya mara moja, majimaji ya ubongo yakivuja, na baadaye madonge ya damu yakafika mapafuni. Aliruhusiwa kurudi nyumbani Novemba 1981, karibu miezi minane baada ya kupigwa risasi. Mkewe Sarah alikuwa na miaka 39 na mtoto wa kiume wa miaka miwili, Scott. Wengi wetu tunajua yanayoanza siku mgonjwa anaporuhusiwa. Ndugu wanakuja kupongeza, wanaondoka, na nyumba inabaki na mtu anayehitaji kuogeshwa, kulishwa, kusubiriwa, na kueleweka upya.

Kuna jambo moja waliomfahamu walilitaja mara kwa mara. Akiwa anazungumza, hasa akiguswa na kitu, sauti yake iliweza kuteleza ghafla na kuwa kilio kirefu, sauti iliyo kati ya kulia na kucheka, kisha ikatulia akaendelea. Madaktari wanaifahamu hali hii. Hutokea pale njia za ubongo zinazodhibiti vicheko na machozi zinapokatwa: mtu hulia bila huzuni inayolingana na kilio hicho, au hucheka pasipo cha kuchekesha. Wasiojua humwona amerukwa na akili, au wanaona aibu kwa niaba yake na kugeuza macho. Fikiria sasa ni nani aliyepewa hali hiyo: mtu ambaye riziki yake yote ilikuwa kutawala ulimi na uso wake mbele ya kamera.

Angeweza kujificha, na hakuna ambaye angemlaumu. Alikuwa na cheo, jina zuri na huruma ya taifa zima, na kukaa kimya kungeitunza ile picha ya Dubu mcheshi wa 1981. Yeye alichagua kupanda majukwaani na sauti ile iliyokatikakatika. Kwa maoni yangu hilo ndilo tendo kubwa kuliko yote aliyoyafanya, kubwa kuliko sheria zozote, maana watu walioumia ubongo walikuwa hawajawahi kumwona mtu mkubwa akihutubia kwa sauti inayofanana na zao.

Alianza na chama kilichoitwa wakati huo National Head Injury Foundation. Kilianzishwa mwaka 1980 huko Massachusetts na mama mmoja, Marilyn Price Spivack, ambaye binti yake aliumia ubongo katika ajali ya gari. Spivack aligundua kwamba nchi tajiri yenye helikopta za kubeba majeruhi na vyumba vya uangalizi maalumu haikuwa na mahali pa kumpeleka mgonjwa baada ya kidonda kupona. Teknolojia ilikuwa inaokoa watu ambao miaka 20 nyuma wangekufa njiani, kisha inawaacha mlangoni. Brady akawa sauti ya chama hicho, ambacho baadaye kilibadili jina na kuwa Brain Injury Association. Julai 29, 1996 Rais Bill Clinton alisaini sheria ya kwanza ya taifa iliyohusu majeraha ya ubongo peke yake, iliyotoa fedha za kuhesabu majeruhi, kufanya utafiti, na kuyasaidia majimbo kujenga huduma.

Reagan alipomaliza muda wake mwaka 1989, kile cheo cha heshima kikafika mwisho, na hapo ndipo Brady alipopata kazi yake ya pili. Akawa makamu mwenyekiti wa National Organization on Disability, shirika lililoanzishwa mwaka 1982 na Alan Reich, mtu aliyepooza baada ya ajali ya kupiga mbizi. Walizunguka miji mbalimbali wakikutana na mameya, waajiri, makanisa na vyuo. Ujumbe ulikuwa wa kawaida kabisa: mtu wa kiti cha magurudumu anataka kuingia benki, kupanda basi, kusali na kwenda kazini kama wengine.

Agosti 29, 1989, siku aliyotimiza miaka 49, gazeti la The New York Times lilichapisha makala yake yenye kichwa kinachosema okoeni fedha kwa kuwasaidia wenye ulemavu. Bunge lilikuwa linajadili muswada ambao ungekuja kuwa Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu, na wafanyabiashara wengi wa chama chake mwenyewe walikuwa wanalalamikia gharama. Brady hakuomba huruma. Aliandika akiwa mhafidhina, kwa lugha ya wahafidhina: kumfungia mtu nje ya ajira kisha kumlisha kwa kodi ni hasara kwa serikali na dhuluma kwa mtu huyo, na njia ya mteremko mlangoni ni nafuu kuliko utegemezi wa maisha yote.

Baadhi ya watetezi wa haki hawapendi hoja hiyo. Wanasema haki ya mtu haipaswi kupimwa kwa dola zinazookolewa, na kwa msingi wa utu nakubaliana nao. Lakini naelewa kwa nini Brady aliichagua. Alikuwa msemaji, na msemaji mzuri humjua anayesikiliza. Huruma walikuwa wameshamwonyesha kwa miaka minane. Alichotaka sasa ni kura zao.

Machi 1990 watu wenye ulemavu waliacha viti na magongo yao chini ya ngazi za Bunge la Marekani, wakazipanda kwa kutambaa, mbele ya kamera, kuonyesha jengo la wananchi linavyowafungia nje. Julai 26 mwaka huohuo Rais George H. W. Bush alisaini sheria katika bustani ya Ikulu. Sheria yenyewe ilitaja Wamarekani milioni 43 wenye ulemavu wa aina moja au zaidi. Kiini chake upande wa ajira ni kwamba mwajiri hawezi kumkataa mtu anayeweza kufanya kazi kwa sababu ya ulemavu wake, na anatakiwa kufanya marekebisho yanayofaa ili mtu huyo aifanye. Kwa aliyeumia ubongo marekebisho hayo mara nyingi si ujenzi wala mashine: ni maagizo yaliyoandikwa badala ya kusemwa kwa haraka, dawati mbali na kelele, mapumziko katikati ya siku, muda zaidi wa kujibu. Ni mambo yasiyo na gharama kubwa, na kwa sababu hiyohiyo mwajiri huyakataa akidhani ni kudekezwa.

Habari za bastola nazipitia kwa ufupi, maana zimeandikwa sana. Katikati ya miaka ya 1980 familia ikiwa Centralia, mtoto Scott aliokota bastola ndani ya gari la rafiki akidhani ni ya kuchezea, kumbe ina risasi. Sarah akaingia katika harakati za kudhibiti bastola, na Brady akaungana naye. Mwaka 1989 Brady alitoa ushahidi mbele ya maseneta kuutetea muswada wa kukagua wanunuzi wa bastola, akiwa kwenye kiti chake, akiwaeleza bila kuuma maneno jinsi siku yake inavyokwenda. Reagan mwenyewe aliunga mkono muswada huo mwaka 1991, na Novemba 30, 1993 Clinton aliusaini kuwa sheria: muuza bastola asubiri siku tano ili historia ya mnunuzi ikaguliwe. Ilichukua karibu miaka saba tangu ulipofikishwa bungeni mara ya kwanza. Ni kazi njema. Ila kwa kuwa iligombaniwa sana, iliifunika ile nyingine, na watoto wanaosoma habari za Brady shuleni humkuta kama mhanga wa risasi zaidi ya mtu aliyeishi na ubongo ulioumia.

Huku kwetu risasi za kichwa ni chache. Tulicho nacho ni barabara. Ukifika kwenye wodi za Taasisi ya Mifupa Muhimbili, au hospitali yoyote kubwa ya rufaa kuanzia Mombasa hadi Mwanza, utawakuta vijana wa bodaboda na abiria wao, vichwa vimefungwa bandeji, mama kaketi pembeni ameshika kikombe cha uji. Wapo wanaofumbua macho. Mama anamshukuru Mungu, ukoo unachangishana kulipa bili, kijana anarudi nyumbani akitembea kwa miguu yake miwili, na watu wanasema amepona.

Miezi mitatu baadaye ndipo tatizo linapoanza kuonekana. Anatumwa dukani vitu vitatu anarudi na kimoja. Anapandwa na hasira kwa jambo dogo, anamtukana baba mbele ya wageni, halafu anashangaa kwa nini watu wamekasirika. Anacheka msibani. Analala mchana kutwa, kelele za redio zinamtesa, pesa aliyoipata asubuhi haionekani jioni. Majirani wanasema amekuwa mkorofi, wengine wanasema bangi, wengine wanamtaja shangazi kwa uchawi. Mke anachoka na kurudi kwao. Hakuna aliyewahi kumweleza yeyote katika nyumba ile kwamba sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo breki na ratiba ya mtu, na kwamba kijana huyu anaishi na jeraha ambalo bado lipo.

Yapo yanayoweza kufanyika hata pale ambapo wataalamu wa tiba ya usemi na wa utengamao ni wachache, na kwetu ni wachache kweli. Mpeni daftari la kuandika kila anachotakiwa kufanya. Mpeni agizo moja kwa wakati mmoja. Siku yake iwe na ratiba isiyobadilikabadilika, apate usingizi wa kutosha, asikaribie pombe kabisa. Akianza kulia au kucheka bila sababu, msimkemee wala msimcheke, nyamazeni kidogo kisha endeleeni na mazungumzo. Msimsemee anapotafuta neno. Na huyo mke au mama anayemhudumia apumzishwe na ndugu wengine kabla hajavunjika. Sarah Brady alikuwa na marafiki wa Ikulu, madaktari bingwa na bima, na bado alieleza waziwazi jinsi miaka ile ilivyomlemea. Mwanamke wa Buguruni au Kisumu anabeba mzigo uleule peke yake.

Sheria tunazo. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Namba 9 ya mwaka 2010, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 54, inataka asilimia 5 ya nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa zifikie kundi hilo hatua kwa hatua. Nchi zote mbili zimeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, Kenya mwaka 2008, Tanzania 2009. Mkataba huo ulichota sana kutoka sheria ile ya Marekani ya 1990. Marekani yenyewe imeusaini bila kuuridhia: Desemba 4, 2012 Seneti ilipiga kura 61 kwa 38, zikapungua kura tano kufikia theluthi mbili, huku Bob Dole, seneta wa zamani na majeruhi wa Vita vya Pili vya Dunia, ameletwa ukumbini kwenye kiti cha magurudumu kuwaomba wenzake wa chama wakubali. Dole alikuwa wa chama kilekile cha Brady.

Kwenye karatasi, basi, tumewatangulia. Shida yetu ni kwamba tunapohesabu hiyo asilimia 3 tunatafuta fimbo nyeupe, magongo na kiti cha magurudumu. Kijana anayesahau maagizo hatumhesabu, tunamfukuza kwa uzembe. Sijui ni ofisi ngapi zimemfukuza mtu wa namna hiyo zikiwa na bango la ajira jumuishi ukutani, lakini najua kwamba hakuna mwajiri anayeuliza, kabla ya kuandika barua ya kumwachisha, kama mtu huyu aliwahi kuumia kichwa.

Brady alipewa Nishani ya Uhuru ya Rais mwaka 1996, heshima ya juu kabisa kwa raia wa Marekani. Mwaka 2000 chumba cha mikutano ya waandishi wa habari katika Ikulu kilipewa jina lake, na ndicho hicho unachokiona kwenye taarifa ya habari kila msemaji wa Rais anaposimama. Alifariki Agosti 4, 2014 huko Alexandria, Virginia, akiwa na miaka 73. Sarah alimfuata Aprili 2015.

Siku chache baada ya kifo chake, ofisi ya uchunguzi wa vifo ya Virginia ilitoa uamuzi ulioshtua wengi: kifo hicho ni mauaji, yaliyotokana na jeraha la risasi la mwaka 1981. Hinckley alikuwa ameonekana hana hatia mwaka 1982 kwa sababu ya ugonjwa wa akili, na Januari 2015 waendesha mashtaka wakasema hawatamfungulia kesi mpya. Wanasheria walijadiliana kama risasi inaweza kumuua mtu miaka 33 baada ya kufyatuliwa. Aliyewahi kumuuguza mtu aliyeumia ubongo hakuhitaji mjadala huo. Jeraha lile lilikuwa kazini kila asubuhi: Brady aliamka nalo, akavalishwa nalo, akapanda nalo jukwaani, na akalisemea.